Kuzinusuru Asasi za Kiraia: Msaada wa Dharura na Msaada wa Kudumu

Asasi za kiraia ni vikundi ambavyo raia huviunda kwa hiari yao, nje ya serikali na nje ya biashara, ili kushughulikia jambo linalowagusa wengi, kama vile ardhi, maji, hali ya magereza, ukatili dhidi ya wanawake, uchaguzi au mazingira. Katika Afrika Mashariki vikundi hivi vinajumuisha mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyosajiliwa, vituo vya msaada wa kisheria, vyama vya wakulima na wafugaji, na kamati ndogo za vijijini ambazo majina yake hayajulikani nje ya wilaya zake. Vingi hufanya kazi kwa amani miaka nenda miaka rudi, lakini kikundi kinapoanza kuuliza ni nani aliyeuziwa msitu, ni wapi alikopelekwa kijana aliyechukuliwa usiku, au fedha za umma zilitumikaje, hatari hubisha hodi, na hapo huzuka maswali ambayo makala hii inayachunguza: ni nani hukinusuru kikundi kama hicho, kwa njia gani, na kwa muda gani?

Misaada inayotolewa kwa asasi zilizo hatarini ni ya aina mbili. Ya kwanza ni msaada wa dharura, yaani fedha, wakili, tiba au makazi salama yanayopatikana ndani ya siku chache ili kikundi kivuke janga lililokwisha kukifikia. Ya pili ni msaada wa muda mrefu, yaani rasilimali zinazotolewa kwa miaka kadhaa bila kufungwa kwenye mradi mmoja, ili kikundi kiwe na watu, akiba, kumbukumbu na marafiki wa kutosha kabla janga halijafika. Kwa kawaida aina hizi hutolewa na wafadhili tofauti, kwa bajeti tofauti na kwa masharti tofauti, kana kwamba hazihusiani. Lakini mambo yaliyozikuta asasi za ukanda huu yanaonyesha kwamba msaada wa dharura ukikikuta kikundi hakina msingi, huishia kuahirisha kufa kwake tu.

Msingi wa haki yenyewe

Kabla ya kueleza namna misaada hii inavyofanya kazi, ni vyema kujua kwamba haitokani na huruma ya wafadhili peke yake. Tarehe 9 Desemba 1998, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watetezi wa haki za binadamu, ambalo linatambua haki ya kila mtu, peke yake au pamoja na wenzake, kuzipigania haki hizo kwa amani. Ibara ya 13 ya azimio hilo inasema wazi kwamba watu wana haki ya kuomba, kupokea na kutumia rasilimali kwa ajili ya kazi hiyo. Jambo hilo lilitiliwa mkazo na Maina Kiai, mwanasheria wa Kenya aliyekuwa mtu wa kwanza kushika wadhifa wa Mwandishi Maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu uhuru wa kukusanyika na kujumuika, kuanzia mwaka 2011 hadi 2017, ambaye katika ripoti yake ya mwaka 2013 alieleza kwamba uhuru wa kuunda chama hauna maana ikiwa chama hicho kimezuiwa kupata fedha. Kwa upande wa bara, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, ilianzisha mwaka 2004 wadhifa wa mwandishi maalumu wa kufuatilia hali ya watetezi wa haki za binadamu.

Kwa hiyo kikundi kinachopokea msaada wa kulipia wakili au kuhamisha nyaraka zake kinatumia haki inayotambuliwa na mataifa, na serikali inayokitazama kama mhalifu kwa sababu tu kimepokea fedha hizo inakwenda kinyume cha azimio ambalo Baraza Kuu lilikwisha kulipitisha.

Sura za hatari

Hatari inayozikabili asasi huja kwa sura nyingi, na msaada unaofaa hutegemea sura iliyojitokeza. Sura ya kwanza ni ya kiutawala, yaani sheria na kanuni za usajili zinapotumiwa kukibana kikundi. Nchini Uganda, mnamo Agosti 2021, mamlaka inayosimamia mashirika yasiyo ya kiserikali ilitangaza kusimamisha shughuli za mashirika 54 kwa mkupuo mmoja, ikidai kwamba baadhi hayakuwa na vibali halali na mengine hayakuwasilisha hesabu. Nchini Burundi, mnamo Oktoba 2016, serikali ilizipiga marufuku asasi kadhaa za haki za binadamu na kuzisimamisha nyingine, ambapo miongoni mwa zilizopigwa marufuku ilikuwamo APRODH, iliyokuwa ikitetea haki za wafungwa, na mapema mwaka 2017 marufuku hiyo ikaifikia pia Ligue Iteka, iliyoanzishwa mwaka 1991.

Sura ya pili ni ya kifedha. Mnamo Agosti 2020, miezi miwili kabla ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, akaunti za benki za Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu Tanzania, unaojulikana kwa kifupi cha THRDC, zilizuiwa, na mtandao huo ukalazimika kutangaza kwamba unasitisha shughuli zake. Uzito wa tukio hilo unaonekana mtu anapokumbuka kwamba THRDC, iliyoanzishwa mwaka 2012, ndiyo iliyokuwa ikiwatafutia mawakili na fedha za dharura watetezi wengine nchini, kwa hiyo akaunti hizo zilipozuiwa, aliyezoea kuwaokoa wenzake ndiye aliyehitaji kuokolewa.

Sura ya tatu huwagusa watu wenyewe, kwa njia ya kukamatwa, kufunguliwa mashtaka, kupigwa au hata kuuawa. Mwanzilishi wa APRODH, Pierre Claver Mbonimpa, alipigwa risasi jijini Bujumbura tarehe 3 Agosti 2015, akanusurika na kupelekwa Ubelgiji kwa matibabu. Nchini Uganda, wakili Nicholas Opiyo, kiongozi wa shirika la Chapter Four, alikamatwa Desemba 2020 na kushtakiwa kwa kosa la utakatishaji wa fedha, shtaka ambalo upande wa mashtaka uliliondoa mwaka uliofuata. Sura ya nne huzikumba ofisi na kumbukumbu, pale ambapo milango huvunjwa usiku na kompyuta zenye majina ya mashahidi kuchukuliwa. Katika uvamizi wa namna hiyo uliofanywa mwezi Mei 2016 kwenye ofisi za shirika la HRAPF jijini Kampala, mlinzi wa zamu aliuawa.

Mombasa, mwaka 2015

Tukio moja la pwani ya Kenya linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake sura kadhaa za hatari zilikutana. Tarehe 2 Aprili 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab walikishambulia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku chache baadaye, Inspekta Jenerali wa Polisi alichapisha katika gazeti rasmi la serikali orodha ya watu na taasisi zaidi ya 80 waliodaiwa kuhusishwa na ugaidi, na humo yalikuwamo mashirika mawili ya haki za binadamu yenye makao yake Mombasa: MUHURI, iliyoanzishwa mwaka 1997, na HAKI Africa, iliyoanzishwa mwaka 2012. Mashirika hayo yalikuwa yamejulikana kwa kukusanya taarifa za vijana wa pwani waliouawa au kutoweka wakati wa operesheni za kupambana na ugaidi. Akaunti zao zilizuiwa, na katika mwezi huohuo maofisa wa mamlaka ya mapato walifika ofisini wakachukua kompyuta na nyaraka.

Ili kuelewa maana ya akaunti kuzuiwa, inafaa kufuata yanayotokea ofisini siku baada ya siku. Hundi ya kodi ya pango hurudishwa na benki, na mwenye nyumba, ambaye naye amesikia redioni kwamba wapangaji wake wametajwa pamoja na magaidi, huanza kuuliza watahama lini. Mwisho wa mwezi mhasibu huwa na orodha ya mishahara iliyokwisha kuidhinishwa ambayo hawezi kuilipa, na makato ya kisheria ya kodi na hifadhi ya jamii huanza kulimbikiza faini, kwa kuwa sheria haimsamehe mwajiri aliyechelewa hata kama fedha zake zimeshikiliwa na dola yenyewe. Mjane aliyepaswa kutoa ushahidi katika kesi ya mwanawe hapati nauli ya kufika mahakamani, na kesi huahirishwa. Mfadhili aliyekuwa atume awamu ya pili ya ruzuku husita, kwa hofu kwamba fedha zake zitazuiwa pia, na wakili anayetakiwa kuipinga hatua hiyo mahakamani naye anahitaji kulipwa, wakati fedha za kumlipa ziko ndani ya akaunti ileile inayogombewa.

Mashirika hayo mawili yalikwenda mahakamani. Mnamo Juni 2015, Mahakama Kuu mjini Mombasa iliona kwamba hapakuwa na ushahidi wa kuyahusisha na ugaidi, lakini ilibidi kungoja hadi Novemba mwaka huo ndipo mahakama ilipoamuru akaunti zifunguliwe. Katika kipindi hicho cha takriban miezi 7, yaliendelea kuwapo kwa sababu yalikuwa na mawakili waliosimama nayo, wafanyakazi waliokubali kuvumilia, mashirika wenzao yaliyopaza sauti kitaifa na kimataifa, na jamii iliyokuwa ikiyafahamu kwa kazi zao, na yote hayo hayakuanza kutafutwa siku tangazo la polisi lilipotoka.

Namna msaada wa dharura unavyofanya kazi

Taasisi zinazotoa msaada wa dharura zimeongezeka tangu mwanzo wa karne hii. Front Line Defenders, yenye makao yake Dublin, ilianzishwa mwaka 2001 na hutoa ruzuku ndogo za ulinzi pamoja na namba ya simu inayopokelewa saa 24. Mwaka huohuo ulianzishwa jijini Nairobi mfuko wa Urgent Action Fund-Africa, unaowahudumia hasa wanawake wanaotetea haki. Mwaka 2005 Hassan Shire, mtetezi wa haki kutoka Somalia aliyekuwa uhamishoni, aliongoza kuanzishwa kwa mtandao wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, ambao sasa unaitwa DefendDefenders, wenye makao yake Kampala na unaohudumia nchi 11, kuanzia Tanzania na Burundi hadi Sudan na Eritrea. Mwaka 2011 ulianza mfuko wa Lifeline, ulioanzishwa kwa msaada wa serikali kadhaa na kuendeshwa na muungano wa mashirika ya kimataifa, lengo lake mahususi likiwa kuzinusuru asasi zenyewe, na mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ukazindua utaratibu wa ProtectDefenders.eu unaounganisha mashirika 12. Kwa mashambulizi ya mtandaoni, shirika la Access Now lina dawati la msaada ambalo hujibu ndani ya saa mbili, usiku na mchana.

Utaratibu wa kuomba hufanana kwa sehemu kubwa. Mwombaji hueleza nini kimetokea na lini, kina uhusiano gani na kazi ya kikundi, ni hatua zipi zimekwisha kuchukuliwa, na fedha zinazoombwa zitatumikaje kwa kila kipengele. Hutakiwa pia kutaja watu au mashirika mawili au matatu yanayoweza kumthibitisha. Mtoa msaada huwapigia hao kwa siri, hulinganisha maelezo, na kutoa uamuzi ndani ya saa au siku chache. Fedha zenyewe huwa ni kiasi kidogo, mara nyingi dola au yuro elfu kadhaa, na hulipia mambo yanayoweza kutajwa bila kuzungusha maneno: ada ya wakili, dhamana ya mahakama, matibabu ya aliyepigwa, milango ya chuma na kamera za ofisi, kompyuta badala ya zilizochukuliwa, ushauri nasaha kwa waliofadhaika, kodi ya miezi michache, au usafiri wa familia inayopaswa kuondoka mjini kabla ya alfajiri.

Kuhamishwa kwa muda ndiko kunakogharimu zaidi na kunakoacha majeraha makubwa zaidi. Zamani karibu kila aliyehamishwa alipelekwa Ulaya au Amerika Kaskazini, mbali na lugha yake, kesi yake na wanachama wake. Kuanzia mwaka 2019 mtandao wa AfricanDefenders umekuwa ukiendesha mpango wa miji ya hifadhi barani, ikiwamo Kampala, Johannesburg, Abidjan na Tunis, ili mtetezi apumzike na kuendelea na kazi yake akiwa ndani ya Afrika. Kwa mtu wa Bujumbura, kukaa Kampala kunamaanisha kwamba anaweza kuzungumza Kiswahili sokoni, kuwapata wenzake kwa basi, na kurudi nyumbani hali itakapotulia.

Kuna kikwazo kimoja ambacho watu wa nje huwa hawakifikirii: ruzuku ya dharura inapokubaliwa, itapitia wapi? Ikiwa akaunti ya kikundi imezuiwa, fedha haziwezi kutumwa humo, na mara nyingi shirika rafiki huombwa kuzipokea kwa niaba ya kikundi kilichokwama. Shirika hilo nalo hujiweka katika hatari, kwa sababu sheria za kupambana na utakatishaji wa fedha na ufadhili wa ugaidi zinalitaka lieleze kila senti limeipata wapi na limempa nani. Sheria hizo kwa kiasi kikubwa zinafuata viwango vya FATF, chombo cha kimataifa kilichoanzishwa mwaka 1989, ambacho kwa miaka mingi kiliyaelezea mashirika yasiyotafuta faida kuwa yako katika hatari ya pekee ya kutumiwa na magaidi. FATF iliyafuta maelezo hayo mwaka 2016, na mwaka 2023 ikasisitiza tena kwamba hatua za serikali zilingane na hatari iliyothibitishwa na zisizuie kazi halali. Hata hivyo sheria zilizokwisha kutungwa kwa roho ya zamani bado zinatumika, na afisa wa benki anayeogopa kuadhibiwa huona heri kufunga akaunti kuliko kuuliza.

Mipaka ya zimamoto

Msaada wa dharura umeokoa maisha ya watu wengi, na hakuna sababu ya kuupunguzia heshima yake. Lakini umewekewa mipaka na umbile lake lenyewe. Humlinda mtu aliyetishwa kwa miezi mitatu au sita, ilhali kesi yake inaweza kudumu miaka minne. Hulipia mlango mpya wa ofisi bila kumlipa mlinzi wa kusimama nyuma yake mwaka ujao. Zaidi ya hayo, kwa kuwa hutolewa baada ya shambulio, kikundi ambacho hakijawahi kusikika, kisicho na mtu wa kukithibitisha, kisichoandika Kiingereza wala Kifaransa na kisichojua namba ya kupiga, hupotea kimyakimya kabla maombi yake hayajaandikwa. Vikundi vya wafugaji wanaogombea malisho, vya wanawake wa vijijini na vya wavuvi wanaopinga kunyang'anywa fukwe ndivyo vilivyo katika hali hiyo mara nyingi, ingawa ndivyo vinavyosimama karibu zaidi na hatari.

Msaada wa miaka

Msaada wa muda mrefu unaanzia kwenye jambo ambalo wahasibu wa mashirika hulijua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Fedha nyingi za wafadhili hutolewa kwa mradi, yaani kwa shughuli maalumu zenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na ndani ya bajeti hiyo kodi ya ofisi, mshahara wa mhasibu, ukaguzi wa hesabu na ada za usajili hupewa asilimia ndogo tu au havipewi kitu. Matokeo yake ni kwamba shirika linaweza kuwa na magari na semina tele huku halina akiba ya mwezi mmoja, na mradi unapokwisha wafanyakazi waliojifunza kazi kwa miaka mitatu hutawanyika. Ruzuku ya msingi ni kinyume cha hali hiyo, kwani ni fedha zinazotolewa kwa shirika lenyewe, kwa miaka mitatu, mitano au zaidi, na shirika huamua lenyewe zitumikeje kulingana na mpango mkakati wake, ikiwa ni pamoja na kuweka akiba.

Uhusiano wake na usalama ni wa moja kwa moja. Shirika lenye mhasibu wa kudumu huwasilisha hesabu zake kwa wakati, na hivyo humnyima msajili sababu iliyo rahisi kuliko zote ya kulifuta. Shirika lenye mwanasheria wa kudumu husoma kanuni mpya kabla hazijalifikia. Nchini Tanzania, kwa mfano, kanuni za mwaka 2018 ziliweka masharti mapya ya kutangaza ruzuku zinazozidi shilingi milioni 20, na kikundi kisicho na mtu wa kufuatilia mambo hayo kinaweza kuvunja sheria bila kujua. Shirika lenye akiba ya miezi sita linaweza kuvumilia kipindi kama kile cha Mombasa, mradi akiba hiyo isiwe yote katika akaunti moja.

Historia ya Green Belt Movement inathibitisha hoja hii. Harakati hiyo, iliyoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977, ilipata kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 msaada wa kudumu kutoka kwa chama cha misitu cha Norway na mfuko wa Umoja wa Mataifa wa wanawake, msaada ambao uliiwezesha kujenga vitalu vya miche vijijini na kuwalipa wanawake kiasi kidogo kwa kila mche uliostawi. Mwaka 1989 Maathai alipopinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, wabunge walimkejeli, na harakati ikaamriwa kuondoka katika ofisi iliyokuwa mali ya serikali, ikahamia nyumbani kwake mtaa wa South C. Ofisi ilikuwa imekwenda, lakini vitalu vilikuwa mikononi mwa wanawake wenyewe huko vijijini, na wafadhili waliokuwa wameifahamu harakati kwa karibu muongo mzima hawakuikimbia. Jengo lile halikujengwa kamwe, na mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Mfano mwingine unatoka Ethiopia. Sheria ya mwaka 2009 iliamuru kwamba shirika linalopata zaidi ya asilimia 10 ya fedha zake kutoka nje lisishughulike na haki za binadamu, na akaunti za baraza la haki za binadamu la nchi hiyo, lililoanzishwa mwaka 1991, zikazuiwa. Baraza hilo lililazimika kufunga ofisi zake nyingi za mikoani na kupunguza wafanyakazi, lakini halikufa. Sheria hiyo ilipofutwa mwaka 2019, lilikuwapo bado, likiwa na kumbukumbu zake na wanachama wake, tayari kuanza upya. Miaka 10 ya namna hiyo haiwezi kuvukwa kwa ruzuku ya miezi mitatu. Huvukwa na wanachama wanaotoa michango na wafadhili wasiochoka.

Fedha za mbali na fedha za karibu

Udhaifu mkubwa wa utaratibu wote huu ni kwamba chanzo cha fedha zake kiko mbali. Nchini Uganda, mfuko wa Democratic Governance Facility, ulioanzishwa mwaka 2011 na nchi kadhaa za Ulaya, ulikuwa mhimili wa asasi nyingi za utawala bora. Rais wa nchi alipoamuru usimamishwe Januari 2021, asasi zilizokuwa zikiutegemea zilitikisika kwa pamoja, na ingawa zuio liliondolewa katikati ya mwaka 2022, mfuko wenyewe ulifungwa mwisho wa mwaka huohuo. Pigo jingine lilitoka kwa mfadhili mwenyewe: Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na Julai mwaka huo shirika la USAID likaacha kuendesha programu zake. Mara baada ya agizo la Januari, mashirika mengi ya Afrika Mashariki yalipata barua za kusitisha kazi, na baadhi ya mifuko ya dharura ambayo ingeyasaidia ilikuwa ikitegemea hazina ileile.

Kwa sababu hiyo, mjadala wa msaada wa kudumu hauwezi kukwepa swali la mchango wa wananchi wenyewe. Watu wa ukanda huu si wageni wa kuchangiana, kwani misiba, harusi, ada za shule na matibabu hulipwa kila siku kwa michango inayokusanywa kwa simu, na vyama vya kuweka na kukopa vinakusanya akiba kubwa kutoka kwa watu wa kipato kidogo. Katika mwambao, wakfu umekuwapo kwa karne nyingi: mtu huitoa nyumba au shamba lake daima, mali yenyewe haiuzwi, na mapato yake huhudumia msikiti, chuo au wahitaji. Zanzibar ina kamisheni rasmi inayosimamia mali za aina hiyo, na nchini Kenya taasisi ya KCDF, iliyoanzishwa mwaka 1997, imezisaidia jamii kujenga mifuko ya wakfu kwa ajili ya maendeleo yao. Hakuna kinachozuia utaratibu huohuo kutumiwa na kituo cha msaada wa kisheria, ambacho kikiwa na jengo lake na vyumba vitatu vya kupangisha hakitatikiswa na mwenye nyumba aliyetishwa wala na uchaguzi wa nchi ya mbali.

Hatua zinazohitajika

Kila asasi, hata iwe ndogo kiasi gani, inaweza kufanya mambo kadhaa kabla ya hatari, na mengi hayahitaji mfadhili: kuwasilisha taarifa na hesabu za kila mwaka kwa wakati na kutunza stakabadhi za msajili; kuweka nakala za kumbukumbu muhimu nje ya ofisi, zikiwa zimefungwa kwa nywila; kukubaliana mapema ni nani atakayeongoza mwenyekiti akikamatwa na ni wakili yupi atakayepigiwa simu; na kujiunga na mtandao wa kitaifa wa watetezi, ili siku ya dharura pawepo mtu wa kuithibitisha. Wafadhili nao wanapaswa kuzipokea barua za maombi kwa Kiswahili, kutenga sehemu ya kila ruzuku kwa ajili ya usalama na akiba, na kumfuata aliyesaidiwa kwa dharura kwa ruzuku ya miaka badala ya kumuaga mara gharama za wakili zinapolipwa.

Serikali pia zina wajibu ambao hauwezi kubebwa na mfuko wowote. Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, inayoweka mahakama maalumu ya kusikiliza malalamiko ya mashirika dhidi ya msajili, na sheria hiyo ikatiwa saini Januari 2013. Lakini haikuanza kutumika hadi tarehe 14 Mei 2024, miaka 11 baadaye. Katika miaka hiyo ndipo MUHURI na HAKI Africa zilipopitia masaibu yaliyoelezwa hapo juu. Sheria nzuri inayotekelezwa kwa wakati ni msaada wa kudumu ulio nafuu kuliko yote, kwa sababu hupunguza idadi ya wanaohitaji kuokolewa.

Mwananchi wa kawaida naye asijione yuko nje ya jambo hili. Kituo kilichomsaidia jirani kupata hati ya shamba, kikundi kilichomsindikiza binti aliyebakwa hadi kituo cha polisi na hospitali, na kamati iliyozuia kisima cha kijiji kuuzwa, vyote vinaishi kwa jasho la watu wachache ambao siku moja wanaweza kupigiwa simu za vitisho. Msomaji na akijue kikundi kilicho karibu naye, aulize kinaendeshwaje, alipe ada ya uanachama hata kama ni ndogo, ahudhurie mkutano mkuu na kudai kusomewa hesabu, na siku kikundi hicho kitakapochafuliwa jina aseme hadharani anachokijua juu yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa asasi za kiraia ufa huzibwa siku za amani.